Mafuriko ya Rufiji: Unga haupandiki

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu mafuriko ya Bonde la Mto Rufiji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kilicho ukingoni mwa bonde hilo, Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani. Si mtaalamu wa maji, wala sikusomea kilimo. Lakini mwaka 2024 madarasa mawili ya shule yetu yaligeuka kuwa makazi ya watu, na niliyoyaona siku zile, na hasa niliyoyaona baada ya maji kuondoka, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kila mara mafuriko yanapotokea husikika kauli moja tu: wananchi wahame mabondeni. Huandikwa magazetini, hutangazwa redioni, na wageni wanaokuja na magari kutupa pole huirudia. Sikatai kwamba nyumba ya kulala haifai kujengwa kwenye njia ya maji. Lakini yafaa ieleweke kwamba sisi wa Rufiji tulikwisha kuhama zamani. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na wazee wetu wakatolewa bondeni wakapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa mahali pa juu. Kijiji chetu kipo hapa kilipo kwa sababu hiyo. Watu walihama, ila mashamba hayakuhama. Ardhi ya huku juu ni kichanga kinachofaa mikorosho, na mahindi yake ni ya kubahatisha mvua. Ardhi ya bondeni ni tope lililoletwa na mto kwa miaka mingi, na ndiyo inayotulisha. Hivyo basi mtu analala juu na kulima chini, na ukifika wakati wa kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na nyani, anahamia shambani yeye na watoto wake, anakaa kwenye dungu mpaka avune.

Watu wa mbali hawalielewi jambo hili, nami siwalaumu sana, kwa sababu kwingineko mafuriko ni adui tu. Kwetu siyo hivyo. Mpunga unapandwa na mvua ili maji ya mto yaukute umekwisha kusimama, nao unakua pamoja na maji. Kisha maji yanapopungua, kwa kawaida kuanzia mwezi Mei au Juni, tunafuata nyuma yake tukipanda mahindi na kunde katika tope bichi. Kilimo hicho cha pili tunakiita mlau. Kwa mkulima wa Rufiji maji yasipokuja kabisa ni njaa, na yakija kupita kiasi ni njaa pia. Unapomwambia aondoke bondeni moja kwa moja unamwambia aache kula.

Lakini mto tunaoufahamu umebadilika tabia, nasi hatuna budi kukiri hivyo. Wazee wanasema kwamba zamani mafuriko makubwa yalikuwa ya kusimuliwa, mtu alihesabu umri wake kwayo. Vijana niliowafundisha Darasa la Kwanza wamekwisha kuona ya mwaka 2020 na ya mwaka 2024 kabla ya kumaliza shule. Wataalamu wanatueleza kwamba hewa ikizidi joto kwa digrii moja tu hubeba mvuke wa maji zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo lazima ushuke mahali fulani. Aidha, upande wetu wa Bahari ya Hindi unapokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huongezeka Afrika Mashariki, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019 na tena mwaka 2023, ambapo palikuwa na El Niño vilevile. Mto wetu nao haunywi mvua ya Rufiji peke yake. Unakusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, kutoka nyanda za juu za Mbeya, Njombe, Iringa na milima ya Morogoro. Ndiyo maana maji yanaweza kutuvamia siku ya jua kali, na mgeni akashangaa yametoka wapi.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 2024 yalitoka huko. Waziri Mkuu wa wakati huo aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini kote na kuzigusa kaya zaidi ya 51,000. Kwetu Rufiji na kwa jirani zetu wa Kibiti mashamba yaligeuka bahari. Watu walikuja shuleni usiku kwa mitumbwi na kwa miguu, wengine na kuku mkononi na kitu kingine hawana. Serikali ilileta unga, maharage, mahema na dawa, na watu binafsi walichanga. Kwa hilo tunashukuru, na nisingependa barua hii ichukuliwe kuwa ni ya mtu asiye na shukrani.

Ila nataka niseme habari za bibi mmoja mjane, jirani yangu, anayelea wajukuu wanne. Alikuwa ametundika magunzi yake ya mbegu juu ya jiko kule kwenye dungu, ili moshi uyalinde na wadudu, kama walivyofanya mama zake. Maji yalipokuja alipakia wajukuu katika mtumbwi wa watu na kuondoka. Mbegu zilibaki. Alikaa darasani kwangu, akapewa unga kama wenzake. Mwezi wa Juni maji yakaanza kurudi nyuma na tope likaonekana, zuri jeusi, linatoa moshi asubuhi. Siku moja nikamkuta amesimama penye ukingo analitazama.

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Mbona huendi shamba?"

Akanijibu, "Marahaba mwalimu. Jembe ninalo, na nguvu kidogo ninazo. Unga nimepewa, nashukuru. Lakini mwanangu, unga haupandiki."

Tope la mlau, Ndugu Mhariri, halimngoji mtu. Mahali palipokauka leo una siku chache za kupanda, kwa sababu mche huo hautaona mvua ya maana mpaka vuli. Utaishi kwa unyevu uliobaki ardhini, na kila siku unayochelewa unyevu unakwenda chini na mzizi haufiki. Mbegu za msaada zilikuja katika kitongoji chetu, lakini zilikuja ardhi imekwisha kupasuka nyufa za kuingiza mguu. Bibi yule alizipanda hivyo hivyo, na zilizoota ziliishia magotini. Jirani yake mmoja alikuwa ameziacha mbegu zake huku juu kwa mama mkwe wake, wala si kwa akili kubwa, bali kwa sababu dungu lake lilikuwa linavuja. Yeye alivuna mwezi wa Septemba. Bibi akanunua mahindi kwake kwa fedha za kuuza kuku.

Niliwapa wanafunzi wangu wa Darasa la Tano hesabu ifuatayo. Kaya ya watu 6 ikila kilo 2 na nusu za unga kwa siku, mfuko wa kilo 50 utakwisha baada ya siku ngapi? Wakasema siku 20. Nikawaambia, pishi 3 za mahindi, yaani kama kilo 8, hupanda karibu ekari moja. Ekari hiyo ikitoa magunia 5 tu ya kilo 100, kaya ile ile itakula siku ngapi? Wakasema siku 200. Mtoto mmoja akauliza kwa nini basi lori linabeba unga na halibebi pishi. Sikuwa na jibu la kumpa, na hesabu haikuwa imeishia hapo, kwani lori lingebeba pishi na kuchelewa wiki 3 jibu lingekuwa sifuri.

Hoja yangu ni hiyo. Mbegu ya mlau haiwezi kutoka Dar es Salaam. Lazima iwepo kijijini, mahali pa juu, kabla maji hayajafika. Tukitaka kujenga uwezo wa vijiji vyetu kustahimili mafuriko, na maneno hayo siku hizi tunayasikia sana kwenye semina, tuanzie na chumba kimoja kikavu cha kuhifadhia mbegu.

Nilipolitoa wazo hili kwenye mkutano wa kijiji mwisho wa mwaka 2024, mzee mmoja alisimama akanipinga vikali. Alisema, "Mwalimu, wewe ni kijana. Mimi nimeziona ghala za kijiji. Mahindi yaliingia kwa debe yakatoka kwa kikombe, tukaambiwa ni panya. Panya hao walikuwa na miguu miwili." Watu walicheka, lakini waliitikia kwa vichwa, na nilijua kwamba mzee amesema kweli. Nikamjibu kwamba simwombi mtu achangie kitu cha wote. Kila kaya ilete ndoo yake yenye mfuniko, imeandikwa jina, imefungwa na mwenyewe. Mbegu ni yako, tunachoshirikiana ni paa. Mzee akauliza ufunguo atashika nani. Tukakubaliana kufuli ziwe mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na mwingine kwa mama mmoja aliyechaguliwa na mkutano, na mlango usifunguliwe mpaka wote wawili wawepo. Mzee yule aliketi. Baadaye alileta ndoo mbili.

Mwaka wa kwanza zililetwa ndoo 23, katika kijiji chenye kaya nyingi zaidi ya hizo, kwa hiyo sijisifu. Ndoo mbili ziliingia fukusi kwa sababu mahindi hayakukauka sawasawa kabla ya kufungwa, na wenyewe walininunia kwa mwezi mzima. Tangu hapo kila ndoo tunaitazama kwanza: tunang'ata punje, ikilia tunapokea, isipolia tunamrudisha mtu akaanike. Majivu makavu yanachanganywa humo. Nilijifunza mambo hayo kwa akina mama kuliko nilivyojifunza chuo cha ualimu. Tatizo lililobaki ni chumba chenyewe, kwani ni stoo ndogo ya shule, na kiongozi mmoja aliyetutembelea alihoji kwa nini shule imegeuzwa bohari. Ningependa ajue kwamba mwaka ule wa mafuriko, mwezi wa Julai na Agosti, nilikuwa na watoto waliokuwa wanakuja shule bila kula tangu jana, na wengine hawakuja kabisa kwa kuwa walikwenda na wazazi kutafuta vibarua. Mbegu ikikosekana mwezi wa Juni, rejista ya mahudhurio inaonyesha mwezi wa Agosti.

Sasa niseme kidogo juu ya bwawa, maana najua wasomaji wengi wanalisubiri. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba mwaka 2022, na umeme wa kwanza ukatoka Februari mwaka 2024. Ni mradi wa kujivunia wenye megawati 2,115. Mafuriko yalipokuja mwezi wa Aprili wapo waliosema bwawa ndilo limetugharikisha, na wapo waliosema bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Mto huu ulifurika mwaka 1968 bila bwawa lolote, kwa hiyo kulitupia bwawa lawama zote si haki. Lakini bwawa lililojaa haliwezi kuzuia maji yanayoendelea kuingia, lazima yafunguliwe. Hatari ninayoiona mimi ni nyingine, nayo ni ya kwetu wenyewe. Baadhi ya wananchi wameanza kujenga nyumba za tofali chini kabisa, karibu na mto, wakiamini kwamba mto sasa umefungwa kamba. Miaka midogo ya maji itawapa imani, na mwaka mkubwa utawakuta wamelala. (Swali la kwamba tope jipya litaendelea kutufikia au litabaki bwawani nalo ni kubwa, ila ni la barua nyingine.)

Bwawa hilo hilo lingeweza kuwa faida yetu. Zamani hakuna aliyejua maji yatafika lini. Leo yupo mtu anayefungua lango, naye anajua kabla yetu. Maji yanachukua muda kusafiri kutoka huko mpaka mashambani kwetu, na muda huo ndio mali yetu. Ninaomba tu taarifa itolewe kwa lugha ya shamba. Mama aliye kwenye dungu ukimwambia mita za ujazo kwa sekunde hujamwambia kitu. Mwambie maji yatafika kwenye alama nyekundu kesho jioni, naye ataondoka leo. Alama hizo tunaweza kuzipaka wenyewe. Sisi tumekwisha kupaka moja kwenye mwembe, penye kina cha maji ya mwaka 2024, na watoto wanajipima nayo urefu.

Jirani zetu wa Msumbiji walifanya jambo la namna hii katika bonde la Mto Búzi, mkoa wa Sofala. Wanakijiji wenyewe walifundishwa kusoma vipimo vya mvua na vya mto, wa juu wakawapasha wa chini kwa redio ya upepo, na wa chini wakazunguka na vipaza sauti kuwatoa watu. Mwaka 2007 mpango huo uliwasaidia. Kimbunga Idai cha Machi mwaka 2019 kiliwazidi nguvu, na watu wengi walikufa, kwa hiyo sisemi kwamba vipimo na vipaza sauti vinatosha kwa kila gharika. Nasema kwamba watu waliopata siku moja ya kujiandaa ni tofauti na watu walioamshwa na maji kitandani.

Wala tusiwe watu wa kuilaumu Serikali tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza wazi kwamba El Niño inakuja. Mimi mwenyewe nilisikia redioni. Sikumwambia mtu yeyote, nikaendelea kusahihisha madaftari. Kijiji kizima kilisikia, na hakuna aliyepandisha hata gunia moja huku juu. Tulikuwa tumezoea kwamba mafuriko ni habari ya baadaye.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa ziwepo mpaka ngazi ya kijiji. Kwetu ipo. Nilipouliza ilikutana lini kabla ya Aprili mwaka 2024, nilijibiwa kwamba ilikutana Aprili mwaka 2024, kuandika majina ya mgao. Wajumbe wake ni watu wema na walifanya kazi usiku na mchana siku zile, lakini kamati inayokutana maji yamefika kiunoni kazi yake ni kuhesabu waliopata hasara. Ningependa kamati hizo zikutane kila mara utabiri wa masika unapotangazwa, na ziulizane maswali mepesi. Mitumbwi mizima ni mingapi na ni ya nani? Nani atamfuata mzee asiyeweza kutembea kule kwenye dungu? Nani atapiga mbiu kwenye kipaza sauti cha msikiti simu zikiwa hazina chaji? Na ndoo za mbegu zilizoko juu ni ngapi?

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaomba kupitia ukurasa huu nipate majibu ya mambo mawili. Kwanza, wanaosimamia bwawa watueleze: mlango ukifunguliwa, taarifa inapita kwa nani mpaka imfikie mwenyekiti wa kitongoji, na kwa saa ngapi? Pili, viongozi wetu wa elimu na wa kilimo wakubaliane kama shule iliyo mahali pa juu inaruhusiwa kutunza mbegu za wazazi wa wanafunzi wake, ili nisije nikaambiwa niitoe siku mto umejaa. Bibi yule jirani yangu ameweka ndoo yake rafu ya juu kabisa, ya buluu, karibu na dirisha. Kila Ijumaa akipita kutoka sokoni huchungulia kuiangalia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rufiji, Pwani.